Dume ana makaratasi, apimwe ya nini?

SWALI: Daktari, jike wangu wa German Shepherd, Malkia, ana miezi 13 na ameingia joto la pili. Rafiki wa shemeji yangu ana dume wa miaka mitatu, kifua kipana, cheti cha ukoo kinarudi vizazi vitano. Haombi hela, anataka tu achague mtoto mmoja. Mume wangu anasema mbwa mwenye makaratasi apimwe ya nini? Nimpandishe?
Mama Zawadi, Moshi

JIBU: Joto hili liache lipite, mama. Malkia mwenyewe bado anakua. Wajerumani hukubali eksirei ya kukagua nyonga za mbwa kuanzia miezi 12, lakini OFA, shirika la Marekani linalokagua mifupa ya mbwa, haitoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla ya miezi 24, na mimi niko upande wa OFA.

Sasa hayo makaratasi. Cheti cha ukoo kinataja nani kamzaa nani, basi. Nyonga legevu hurithiwa kupitia vinasaba vingi kwa pamoja, ndiyo maana dume anayeruka ukuta anaweza kuzaa watoto wanaoinuka kwa shida kabla ya kutimiza mwaka. Dai eksirei ya nyonga na viwiko. Mbwa awe amepewa dawa ya usingizi, amelazwa chali, miguu ya nyuma imenyooshwa sambamba. Picha iliyopinda irudiwe. Kichwa cha mfupa wa paja kiwe cha mviringo na kizame ndani ya kikombe chake. Kikining'inia ukingoni, mwage kwa heshima.

Halafu uliza habari za ndugu zake wa tumbo moja, swali ambalo wenye madume hawalipendi. Dume mwenye nyonga safi ambaye ndugu zake watatu wanachechemea, mimi simtaki.

Kuna na ugonjwa wa uti wa mgongo unaolika polepole, ambao jamii hii ya mbwa inao sana. Kwa kawaida huanza uzeeni, miaka minane na kuendelea, kwa hiyo miaka mitatu ya huyo dume haithibitishi kitu. Kipimo cha DNA kipo: unasugua kijiti ndani ya shavu na sampuli inatumwa maabara ya nje. Dume na jike wakiwa wote wamebeba kinasaba kimoja kimoja cha ugonjwa huo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata viwili. Si kila mwenye viwili ataugua, ila hatari ndiyo hiyo.

Cheti nacho kisome. Jina lilelile likitokea kwa baba na kwa mama katika vizazi vya karibu, tafuta dume mwingine. Na wote wawili wapimwe brusela, ambayo hutupisha mimba na huambukiza hata binadamu.

Baba Zawadi akienda kumwona huyo dume, aombe kumwona na mama yake, kama yu hai. Amtazame akiinuka sakafuni, kisha amkague kucha za miguu ya nyuma: zikiwa zimelika upande wa juu, huyo bibi anaburuta miguu.