Mbuzi wanaingia bustanini: uzio gani unafaa karibu na bahari?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina bustani ya mchicha na bamia Bagamoyo, mita 20 kwa 30, si mbali na bahari. Mbuzi wa jirani hawanipi nafasi. Nimeshauriwa niweke nguzo za mikaratusi na seng'enge ya miiba. Itatosha?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Nguzo ni sawa, lakini seng'enge hapana. Mbuzi hupenya kati ya nyuzi, na watoto wao hupita chini. Chukua waya wa kusuka wenye kimo cha mita 1.5. Dukani uliza geji, yaani namba ya unene wa waya, na ukumbuke kuwa namba ikipanda waya unazidi kuwa mwembamba: geji 12 ni mnene kuliko geji 16. Chumvi ya bahari hula waya mwembamba haraka, kwa hiyo tafuta uliopakwa zinki nzito, na ukimudu, wenye plastiki juu yake.

Hata hivyo, pesa yako ielekee kwanza kwenye nguzo. Nguzo ya mti huoza pale inapotokeza ardhini, maana hapo unyevu na hewa hukutana, na mchwa wapo tayari. Nunua mikaratusi iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo. Kupaka oili chafu hakusaidii sana, kwani haiingii ndani ya mti, tena inachafua udongo unaokulishia mboga. Ukilazimika kukata nguzo, upande uliokatwa ukae juu, usiufukie. Dawa haifiki hadi kwenye moyo wa mti. Vipande vinavyobaki usivipikie kamwe, maana dawa nyingi za nguzo zina aseniki na moshi wake ni sumu.

Mzunguko wako ni mita 100. Ukiacha mita 2.5 kati ya nguzo na nguzo, utahitaji 40, kisha uongeze za geti na za kuegemeza pembeni. Chimba sentimita 60, tandaza kokoto chini, na zege la juu liwe na mteremko ili maji yasituame kwenye mti.

Kama bajeti ni ndogo, panda mbono kaburi kwa vipandikizi vilivyokaribiana. Mbuzi hawali majani yake. Hadi uzio huo wa mimea ufunge vizuri, zibia mapengo kwa matete. Minyaa nayo inafaa, ila utomvu wake ukiingia jichoni huumiza vibaya, kwa hiyo kama una watoto wadogo ningechagua mbono, na mbegu zake uwakataze kuzila.