Kabla hujatia saini utafiti wa chakula na sonona

Nilipowaambia watu wa nyumbani hapa Ujiji kwamba nimejiandikisha kwenye utafiti wa chakula na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, shangazi aliuliza jambo moja tu: "Watakulipa shilingi ngapi?" Walirudisha nauli na kupima damu bure, basi. Anayefuata pesa asijisumbue.

Usiache dawa. Utafiti unaotajwa sana katika mambo haya, ule wa Australia uliotangazwa mwaka 2017, ulikuwa na watu 67, na wengi wao walikuwa tayari kwenye matibabu; chakula kiliongezwa juu yake. Baada ya wiki 12, karibu theluthi moja ya waliosaidiwa na mtaalamu wa lishe walikuwa wamepata nafuu kubwa ya sonona, wakati kundi la pili, lisilobadilishiwa chakula, halikufika hata mmoja kati ya kumi. Inatia moyo, lakini watu 67 ni wachache, ndiyo maana bado wanatafutwa wa kujitolea. Vidonge navyo ni habari nyingine: utafiti wa Ulaya wa mwaka 2019, wenye watu zaidi ya 1,000, haukuona vidonge vya omega-3 (mafuta kama ya samaki) na vitamini vikizuia sonona.

Kazi yenyewe ni daftari la chakula. Unaandika ulichokula na kiasi chake. Sasa sisi tunakula sinia moja: ugali wa muhogo, dagaa, maharage yaliyoungwa kwa mawese. Nimekula matonge mangapi? Mawese ya sufuria ya watu saba, yangu ni vijiko vingapi? Muuguzi akanishauri nijipakulie pembeni kwanza, nipime kwa kikombe cha chai. Ushauri mzuri, ila kwetu anayejitenga na sinia hudhaniwa kanuna, au anaogopa kulishwa kitu. Kwa hiyo waeleze wa nyumbani mapema, hasa mpishi. Na kama orodha yao ina mafuta ya zeituni, waulize nini kitashika nafasi yake, maana sokoni Kibirizi utapata samaki, si zeituni.

Mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, awe makini zaidi. Kuna majaribio madogo Marekani na Uingereza ya kupunguza sana wanga, yaani ugali unaaga. Kama unameza litiamu, dawa ya kutuliza hisia hizo, usibadilishe chumvi wala maji ya kunywa bila daktari wako kujua: chumvi ikipungua ghafla, litiamu hupanda kwenye damu na inaweza kukudhuru.

Fomu ya ridhaa ichukue, ukaisome nyumbani. Uliza kibali cha maadili kimetoka wapi. Hapa Tanzania NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, inahusika. Una haki ya kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu. Uliza pia nani atapokea simu usiku ukizidiwa au ukipata mawazo ya kujidhuru. Wakibabaika hapo, mimi nisingesaini.

Mwisho, makundi hupangwa kwa bahati nasibu, na unaweza kuangukia lile lisilobadilishiwa chakula. Kule Australia kundi hilo lilikaa na mtu wa kupiga naye soga au kucheza naye karata. Wengi huona wamepunjwa, wanaacha kuja. Wewe nenda tu, maana bila kundi hilo wataalamu hawatajua kama ni chakula kilichosaidia au ni kule kupata mtu wa kukusikiliza.