Pete yangu inakaa juu ya chupa kama sahani, nakosea wapi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Natengeneza gemu la simu kwa Unity (programu ya kutengenezea magemu), ule mchezo wa kurusha pete kwenye chupa za soda, ikiingia shingoni unapata pointi. Pete nimeichora Blender, programu ya kuchorea vitu vya 3D, kipenyo cha ndani sm 5, unene wa mduara wenyewe mm 6. Tundu linaonekana kabisa ila pete ikifika kwenye chupa haiingii, inakaa juu ya mdomo kama sahani. Nikitoa tiki ya konveksi (umbo lisilo na bonde wala tundu) kwenye meshi kolaida, yaani umbo la kugongana linalofuata mchoro, Unity inanigomea. Nisaidie, wiki nzima nimekwama.

JIBU: Salama mdogo wangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, hujakosea kuchora. Ni kwamba unachoona wewe kwenye skrini sicho inachoona injini ya fizikia. Ukiweka tiki ya konveksi injini inaifunga pete yako kama mtu anavyofunga mzigo kwa khanga akaikaza, kila bonde na kila tundu linafunikwa, kwa hiyo wewe unadhani unarusha pete kumbe unarusha sahani kweli.

Injini haifanyi hivyo kwa ukorofi. Hesabu zake za haraka za kupima kama vitu vinagusana, mfano ile iitwayo GJK ya mwaka 1988, zinategemea kwamba vitu viwili visivyogusana siku zote unaweza kupitisha karatasi bapa katikati yake. Sasa vaa pete kubwa ambayo haibani kidole, halafu jaribu kupitisha hiyo karatasi kati ya kidole na pete bila kukata kitu. Haiwezekani, si ndiyo? Ukitoa tiki nako, meshi inabaki ganda tu la pembetatu lisilo na ndani, na tangu Unity 5 ganda la namna hiyo haliruhusiwi kwenye rijidibodi (kile kinachofanya kitu kiwe na uzito na kianguke) inayosukumwa na fizikia.

Dawa yake ni kuijenga pete kwa vipande. Acha meshi ya Blender ionekane tu, rijidibodi weka kwenye kitu mzazi, halafu chini yake weka vitu watoto 16, kila mmoja na kapsuli kolaida yake (umbo la kugongana lenye sura ya kidonge), umezungusha digrii 22.5 kila hatua. Nusu kipenyo cha mstari wa katikati ni sm 2.8, nusu unene mm 3. Urefu wa kapsuli ni 2 × 2.8 × sin 11.25°, jumlisha unene mzima sm 0.6 kwa sababu Unity inahesabu na vichwa vya kapsuli, unapata kama sm 1.7. Ukiwa na vipande 16 tundu linapungua nusu milimita hivi upande mmoja, hakuna mchezaji atakayeona. Usiweke kwa mkono, andika lupu (maagizo yanayojirudia), la sivyo utalia.

Na chupa je? Kama nayo umeitia tiki, shingo haipo tena, mdomo umeunganishwa moja kwa moja na mabega na pete itaishia juu juu. Chupa isiyoanguka toa tiki, acha meshi kolaida bila rijidibodi, hiyo inakubalika. Inayoanguka ijenge kwa kapsuli mbili, shingo na tumbo.

Kuna faida moja watu hawaiwazi. Unity inakokotoa inesha (ukaidi wa kitu kuzungushwa) kutoka kwenye kolaida, na sahani haizunguki kama pete. Pete uzito wote uko pembeni, ukiibingirisha kwenye mteremko inapata nusu tu ya mchapuko ambao ingeupata ikiteleza bila msuguano, sahani inapata theluthi mbili. Kwa hiyo ukishajenga kwa kapsuli hata mwendo wake utaanza kufanana na kitu cha kweli, bila wewe kugusa kodi ya programu.

Sasa mambo ya ukubwa, hapa ndo wengi wanaumia. Injini hizi hazipendi vitu vidogo, nafasi ya mguso ya Unity kwa kawaida ni 0.01, yaani sm 1, na pete yako nzima ina unene wa mm 6, lazima itatetemeka. Kuza kila kitu mara 10 na graviti nayo iwe -98.1, ukisahau graviti pete itaelea kama iko mwezini. Halafu, kwa vipimo vya kabla ya kukuza, pete ikirushwa mita 4 kwa sekunde, kwa hatua ya fizikia ya sekunde 0.02 inaruka sm 8 kila hatua wakati mdomo wa chupa ni kama sm 2.6, itapenya bila kugusa. Shusha hatua iwe 0.01 na ugunduzi wa mgongano chagua wa spekulativu (unaobashiri mgongano kabla haujatokea), huo unaangalia na mzunguko.

Kuna siku niliamua kuandika hesabu ya ringi ya kikapu mwenyewe, bila kapsuli, mpira dhidi ya mduara. Ilifanya kazi vizuri mno isipokuwa mpira ukipita katikati kabisa unapotea kwenye skrini, yaani shuti kali kuliko zote ndo linafuta mpira. Nilikuwa nagawanya kwa umbali kutoka katikati, na pale katikati umbali ni sifuri. Ndo maana nakwambia kaa na kapsuli kwanza.

Ukimaliza, pete ikionekana inazunguka kivivu hata ukiirusha kwa nguvu, angalia kikomo cha mzunguko cha rijidibodi, kwa kawaida ni radiani 7 kwa sekunde, mzunguko mmoja na kidogo tu. Weka 50.