Kutembea Iringa mjini kwa miguu: anzia Ipogolo, halafu panda

Kamwene wakuu.

Mleta uzi anakuja Iringa kikazi, Jumamosi yake nzima iko wazi, hana gari wala hataki kukodi. Anauliza kama mji una bustani na maeneo ya kutosha kutembea kwa miguu kutwa, au alale tu hotelini asubiri Jumapili. Wachangiaji watatu wa juu wamempa jibu lile lile: chukua bajaji mpaka jiwe la Gangilonga, lile kubwa la juu ya mji, piga picha, umeimaliza Iringa. Mimi ni mzaliwa wa hapa na miguu ndiyo usafiri wangu mpaka leo, kwa hiyo mniruhusu nibishe kwa kirefu.

Gangilonga ni pazuri, sikatai. Lakini ukianzia pale umeanza na jibu kabla ya kusikia swali. Iringa ni mji wa kupanda. Barabara kuu ya Dar kwenda Mbeya na Tunduma haiingii mjini, inapita chini kabisa, Ipogolo, kando ya Mto Ruaha Mdogo, na mji wenyewe umekaa juu ya ukingo wa mlima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Watu wengi wanapandishwa na daladala huku wanachezea simu, wanashuka mjini, wanasema Iringa kadogo. Mkuu, kama umefikia mjini, asubuhi panda daladala ya Ipogolo ushuke nayo hadi chini. Kunywa chai pale na chapati au vitumbua, angalia malori yanavyopumua, halafu anza kupanda kwa miguu.

Kwa nini nakutesa? Mkwawa, chifu wetu wa Wahehe, makao yake hayakuwa hapa. Yalikuwa Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, kwenye uwanda wa mto huu huu, ndani ya ngome ya ukuta. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwavizia Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski, pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake. Wajerumani walirudi na mizinga, Kalenga ikaanguka Oktoba 1894. Walipotaka kujenga kituo chao cha kudumu mwaka 1896 hawakukaa uwandani, walipanda huku juu. Mimi nimesoma habari hiyo shuleni kama kila mtoto wa Iringa na haikuniambia kitu. Ukipanda kutoka Ipogolo jasho likakutoka, ukageuka nyuma ukaona bonde lote, mto, barabara na kila kinachosogea humo, unaelewa Mjerumani alichagua nini na kwa nini.

Kupanda kwenyewe ni chini ya saa moja kwa mtu asiye na haraka. Tembea upande unaotazamana na magari, maana kona zipo na madereva wa Hiace wanazijua kupita kiasi. Chini kule utaona bustani za mboga kando ya mto, ndiyo vinyungu vyetu, vilivyolisha mji huu miaka yote. Ni suala lenye maneno mengi hapa kwetu, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto. Ukimkuta mzee anamwagilia, msalimie kwanza "kamwene" halafu muulize. Utapata somo ambalo hakuna mwongoza watalii wa kukupa.

Ukikaribia mji, uliza makaburi ya vita, yale ya Jumuiya ya Madola. Wenyeji wengi wanapita nje ya uzio kila siku na hawajawahi kuingia. Ingia. Majani yamekatwa vizuri, mawe yamepangwa mistari, wamo wa Vita Kuu zote mbili. Soma majina na umri taratibu. Mimi kinachonikaa kichwani pale ni wale wasiokuwepo: wapagazi wa Kiafrika, waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili kwenye vita ile ya 1914 hadi 1918, walikufa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa, na wengi wao hawana jiwe lenye jina mahali popote.

Katikati ya mji usiende na matarajio ya bustani kubwa kama za miji ya wenzetu. Kuna bustani ndogo, benchi, vivuli, wapiga picha na wauza karanga, basi. Lakini hapo hapo, karibu na kituo cha polisi, kuna mnara wa kumbukumbu ya waliokufa katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Watu wanaupita kama nguzo ya umeme. Simama kidogo, kwa sababu ni mnara wenye utata: Wahehe wenyewe, waliokuwa wametoka kupigwa miaka michache nyuma, kwa sehemu kubwa hawakujiunga na Majimaji. Ukitaka kuanzisha mjadala mkali na wazee wa mtaa wa Miyomboni, hilo ndilo swali.

Kutoka hapo nenda Boma. Ni jengo la Mjerumani, Mwingereza naye akalitumia kwa shughuli za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Hapa usiharakishe. Ukiingia ukiwa tayari umepanda kutoka mtoni, ile historia ya Uhehe iliyomo ndani inakuja na miguu yake. Uliza mlangoni kama kuna kijana wa kukuzungusha mitaa ya zamani. Akiwepo, mlipe, usimpe shukrani ya mdomo tu.

Soko kuu liko jirani. Nunua kikapu, na ninaposema kikapu namaanisha cha majani ya milulu, kinachosukwa na kina mama wa Kihehe, ambacho Dar unauziwa kwa bei ya kuumiza. Mengine yanategemea msimu. Mvua zikianza kuna masuku, yale matunda ya porini, na uyoga wa porini, halafu yanafuata mapichisi. Uyoga nunua kwa mama anayeujua, usijiokotee mwenyewe huko mlimani kisa umeona unafanana.

Chakula cha mchana mimi nampeleka mgeni Neema Crafts. Ni mradi wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ulioanza 2003, mafundi na wahudumu wengi ni viziwi au wana ulemavu mwingine. Mkahawani unaandika unachotaka kwenye karatasi, au unajifunza ishara mbili tatu zilizobandikwa. Kwa asiyependa mikahawa, mamantilie wa sokoni wapo, ugali na maharage ya Iringa hayajawahi kumuangusha mtu.

Sasa ndiyo Gangilonga. Ondoka katikati ya mji kama saa tisa na nusu alasiri, kwa miguu tena, upite mitaa ya uzunguni ya zamani, Gangilonga na Wilolesi. Hii ndiyo bustani halisi ya Iringa kama utaniuliza mimi: barabara tulivu, mikaratusi, nyumba zilizojificha ndani ya ua, na Oktoba na Novemba mijakaranda inamwaga maua mpaka unakanyaga zambarau. Uliza njia ya jiwe, hata mtoto atakuonyesha. Kuparamia lenyewe ni dakika chache tu.

Simulizi ya wazee ni kwamba Mkwawa alikuwa akija hapa kutafakari, na jiwe lilikuwa likimuonya adui akikaribia. Waliokuja kwa bajaji wanaisikia kama hadithi ya kupigia picha. Wewe uliyetoka Ipogolo utatazama paa za mji, ukingo ulioupanda asubuhi, na upande wa Kalenga kule mbali, na utaona kwamba mtu aliyesimama hapa hahitaji muujiza sana kujua nani anakuja. Mkwawa hakukamatwa hai. Alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898, na fuvu lake lilirudishwa nchini 1954. Liko makumbusho ya Kalenga.

Tahadhari za jiwe: usiende peke yako, hasa wewe mgeni na simu yako mkononi. Tafuteni hata wawili watatu. Jua likianza kuzama shukeni, msisubiri giza. Na likilowa usilipande, linateleza vibaya. Kati ya Desemba na Aprili angalia mawingu kwanza. Juni hadi Agosti njia ni kavu lakini baridi ya hapa si ya kuigiza, koti siyo mapambo.

Nguvu zikibaki Jumapili, kuna njia ya pili ambayo naipenda kuliko hiyo, ila siyo ya kila mtu: Igeleke. Fuata barabara ya Dodoma kupitia Kihesa, kama kilomita sita kutoka katikati ya mji, ulizia Kihesa Kilolo. Ni mwamba wenye michoro ya kale, watu na wanyama kwa rangi nyekundu, wa aina ile ile watu wanayofunga safari hadi Kondoa kwenda kuiona. Sisi tunayo mwisho wa mji na nusu ya wakazi hawajui. Nusu ya kwanza ya njia ni kelele za bodaboda na vumbi, nakuonya mapema, utamu uko mwishoni. Tafuta mwenyeji akuonyeshe, na usiguse michoro wala kuimwagia maji ili picha itoke vizuri. Kalenga na Isimila, kwenye zana za mawe za kale, ni mbali kwa miguu ya kawaida, hizo panda gari.

Vaa raba iliyozoea mguu, maji chupa kubwa, kofia. Fedha taslimu ndogondogo, maana kina mama wa sokoni chenji ni shida.

Kuna aliyeuliza hapo juu kama Mbeya nayo inatembeleka kwa miguu: Mbeya mji umejilaza kwenye barabara kuu, kutoka Uyole unatembea mpaka uchoke na bado ni maduka. Sehemu ya kutembea ni ya zamani, iliyoanza 1927 wakati wa dhahabu ya Lupa: Uhindini, Sokomatola, halafu unainua macho unaona Loleza imesimama juu ya mji, zaidi ya mita 2,600, na minara ya mawasiliano kileleni. Kuipanda hiyo siyo matembezi ya mjini tena, ni mlima, unaanza alfajiri na unakuwa na mwenyeji. Njia za pale siwezi kuzieleza kona kwa kona kama hizi za kwetu. Wana Mbeya mmo humu, mfungulieni uzi wake.