Sigara mbili tatu kwa siku, presha, sukari na maumivu ya mguu: nina dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Nina miaka 52, nina presha na kisukari. Navuta sigara mbili au tatu tu kwa siku, baada ya chakula. Siku hizi nikitembea kwenda msikitini kigimbi cha mguu wa kushoto kinabana mpaka nisimame, nikipumzika kinaachia. Nilifundishwa kuwa sigara ni makruhu tu, na ajali ya mtu, yaani siku yake ya kufa, imeshaandikwa. Je, nina dhambi? Na naruhusiwa kuswali nyumbani kwa ajili ya mguu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, nianze na mguu, kwa sababu hukumu ya sigara yako inapatikana humo. Maumivu ya kigimbi yanayokuja kwa kutembea na kuondoka kwa kusimama, kwa mtu mwenye presha, sukari na sigara, madaktari huyashuku kuwa ni dalili ya ateri za mguu, yaani mishipa inayoupelekea damu, zilizoanza kuziba. Msuli ukifanya kazi unadai damu zaidi, na mshipa uliopungua upana hauwezi kuitoa. Wa kuthibitisha ni daktari, si mimi: atapapasa mapigo ya mguuni na kulinganisha presha ya kwenye kifundo na ile ya mkononi. Nenda wiki hii. Mshipa unaoziba mguuni mara nyingi una wenzake moyoni na shingoni, na hapo ndipo mshtuko wa moyo na kiharusi vinapoanzia.

Ukuta wa ndani wa ateri una utando laini ambao, kwa rehema ya Mola, hutengeneza gesi ya nitriki oksaidi inayoufanya mshipa utanuke na damu isigande ovyo. Moshi wa sigara huujeruhi utando huo. Nikotini hubana mishipa na kuuhimiza moyo. Kaboni monoksidi, gesi iliyomo kwenye moshi huo, hushikamana na hemoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, basi hata damu inayopita hupungukiwa na oksijeni. Penye jeraha, lehemu (kolesteroli) mbaya hupenya ukutani na kujenga utando mgumu wa mafuta, ambao siku moja hupasuka na kuzua donge la damu. Presha huuchosha ukuta huohuo kwa msukumo, sukari huuharibu kwa njia yake. Mambo haya yakikutana kwa mtu mmoja, hatari huwa kubwa mno.

Na usijifariji kwa uchache. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2018 zilionyesha kuwa anayevuta sigara 1 kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvutaji wa sigara 20.

Aliyekufundisha kuwa ni makruhu hakukuzulia. Tumbaku ilipoingia katika nchi za Kiislamu takribani mwaka 1000 Hijria, wanazuoni walitofautiana kwelikweli: Ibrahim al-Laqani wa Cairo aliiharamisha, Abd al-Ghani al-Nabulsi wa Damascus aliihalalisha. Walioiruhusu walisema madhara yake hayajathibiti. Leo yamethibiti, na hukumu hufuata sababu yake. Mwenyezi Mungu anasema, "wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (2:195), na Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kudhuru na kudhuriana. Kwa hiyo ninavyoona, kuvuta ni haramu, na kwa mwili kama wako uharamu huo ni mzito zaidi. Mkeo na watoto wakivuta moshi wako nao wanadhurika, maana moshi wa mwingine huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa takribani robo. Hiyo ni haki ya waja, na toba peke yake haiifuti.

Ama ajali, ni kweli imeandikwa. Sayyidna Umar alipogeuza safari kwa sababu ya tauni ya Sham, Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Alijibu kuwa wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kuacha sigara na kumeza dawa ya presha kwa wakati ni kadari pia.

Hutaulizwa kwa nini umefika miaka 52, wala kwa ugonjwa wa mishipa uliorithi kwa wazazi. Kuwa na presha au kisukari si dhambi hata chembe. Utaulizwa kilicho mkononi mwako: sigara, dawa, chumvi, uzito, na kukaa tu bila kutembea. Hijama na habasoda ukipenda vitumie, lakini visichukue nafasi ya dawa ulizoandikiwa.

Wewe hufunga Ramadhani kuanzia alfajiri hadi magharibi bila kuvuta, basi uwezo unao. Ukilemewa, muulize daktari viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi au vidonge vya kusaidia kuacha. Hiyo ni tiba na ni halali. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa karibu nusu.

Kuhusu kuswali nyumbani: mgonjwa ana ruhusa, na huna dhambi ukiitumia. Ila madaktari huwaagiza wengi wenye tatizo hili watembee mpaka maumivu yaje, wapumzike, kisha waendelee, kwa sababu zoezi hilo huongeza umbali wanaoweza kwenda. Daktari akikukubalia, toka mapema, simama njiani kila kigimbi kinapobana, wala usikimbilie rakaa. Tumeamrishwa kuiendea swala kwa utulivu. Mguu ukipoa ghafla, ukapauka, ukafa ganzi au ukauma hata umekaa, acha safari ya msikitini na uende hospitali saa hiyohiyo.

Wallahu a'lam.