Mbona ramu yangu ina ladha ya mbao?

SWALI

Shikamoo fundi. Naishi Hamilton, New Zealand, mwaka wa sita sasa. Huku sheria inamruhusu mtu kukeneka pombe kali nyumbani, yaani kuchemsha kilichochachuka na kuukusanya mvuke wake, mradi ni ya kunywa mwenyewe, si ya kuuza. Nilinunua lita 12 za molasi kwenye duka la vyakula vya mifugo, nikazichachusha kwa hamira ya mkate, nikakeneka mara mbili kwenye mtambo mdogo wa chuma cha pua. Nikapata lita 5 zenye nguvu ya asilimia 60, nikazitia kwenye kipipa kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Leo ni miezi minane. Rangi imetoka nzuri kama chai ya rangi, lakini ikifika mdomoni inakausha ulimi, chungu, kama nimelamba kabati jipya. Harufu ya kiberiti nayo ipo kwa mbali. Na imepungua, zimebaki lita 4 na kidogo tu. Nilikuwa nimepania ikae miaka mitatu. Niendelee, au nimeshaharibu?

JIBU

Marahaba. Itoe kwenye pipa leo, mengine utayasoma baadaye. Haijaharibika, ila kila wiki unayoiacha humo unaisogeza karibu na kuharibika.

Unachokisikia kwenye ulimi ni tanini ya mwaloni. Ni ukakasi uleule wa bibo lisiloiva vizuri, ule unaofanya mashavu yashikane. Pipa lako ni dogo, na udogo wa pipa una hesabu yake. Kikombe cha chai hupoa kabla ya birika kwa sababu chombo kikiwa kidogo, ukuta wake unakuwa mkubwa ukilinganisha na kilichomo. Pipa la kawaida huko Karibiani ni la lita 200 hivi, na la kwako limeingia humo mara 40. Kipeuo cha tatu cha 40 ni 3.4, kwa hiyo kila lita yako inaguswa na mbao mara 3.4 zaidi kuliko lita iliyo kwenye pipa kubwa. Kwa upande wa mbao peke yake, miezi yako minane ni sawa na miezi 27 hivi.

Na hapo sijagusa upya wa pipa. Ramu ya Barbados au Jamaika kwa kawaida haiwekwi kwenye pipa jipya. Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon ikae kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa bourbon, linauzwa. Mapipa hayo ndiyo yanayopanda meli kwenda visiwani. Yanafika yakiwa kama majani ya chai yaliyokwisha kutoa mkono wa kwanza: ule ukali umeshaondoka na wiski, umebaki utamu wa polepole. Wewe umekunywa mkono wa kwanza, tena kwenye kikombe kidogo.

Ndani ya pipa kuna kazi mbili, na watu wengi huzichanganya. Moja ni kuloweka. Mbao iliyochomwa hutoa vanilini, yaani harufu ya vanila, hutoa sukari iliyoungua inayonukia karameli, na mwaloni wa Marekani hutoa hata harufu ya nazi. Nilipoambiwa hilo mara ya kwanza nilidhani natanuliwa mdomo bure, mpaka nikainusa mwenyewe. Kazi ya pili ni kupumua. Hewa hupenya kidogo kidogo, sehemu ya alkoholi inageuka asidi, asidi inashikana na alkoholi iliyobaki na kuzaa esta, na esta ndizo zinazonukia ndizi mbivu na nanasi. Kazi hii ya pili inataka muda. Kwa pipa dogo umeiharakisha sana ile ya kwanza, huku ya pili ikibaki nyuma. Ndiyo maana una ramu yenye rangi ya mzee na tabia ya mtoto.

Kuhusu upungufu, usimtafute mwizi ndani ya nyumba. Pipa jipya hunywa kwanza lenyewe, mbao zikalowa, kisha mvuke unatoka siku baada ya siku. Scotland kwenye baridi hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka, wao wanasema ni fungu la malaika. Karibiani kwenye joto malaika wana kiu zaidi, ni asilimia 6 na kuendelea. Kwa asilimia 6, pipa la lita 200 likikaa miaka 12 linabaki na lita 95 hivi. Kipipa cha lita 5 ni kibaya zaidi, na miaka mitatu uliyoipania ingeweza kukuachia vikombe vichache vya dawa ya kikohozi. Tena chukua kipimo upime nguvu upya kabla ya kufanya lolote. Kwenye hewa yenye unyevu alkoholi hutoka haraka kuliko maji, nguvu inashuka. Kwenye hewa kavu, mathalani chumba chenye hita mchana kutwa, maji ndiyo yanayotangulia na nguvu inapanda. Usikisie.

Sasa namna ya kuiokoa. Imimine kwenye chupa kubwa ya kioo kupitia kitambaa safi cha pamba, uchuje masizi ya mkaa. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya chupa. Ifungue mara moja kwa wiki, itikise, ifunge, iweke mahali pa giza. Ukali wa mbao mbichi utalegea kiasi kwa miezi miwili mitatu, ila tanini haitaondoka, kwa hiyo lazima uichanganye. Keneka mkupuo mwingine wa ramu nyeupe, kisha jaribu kwenye glasi ndogo kwanza: sehemu moja ya hiyo nyeusi kwa sehemu mbili za nyeupe, halafu moja kwa tatu. Fanya kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uandike kila kipimo. Ukipata glasi inayokupendeza, funika, ionje tena kesho asubuhi kabla ya chai, ulimi ukiwa haujachoka. Mimi nimeshadanganywa na ulimi wa jioni mara nyingi. Maji ya kushushia nguvu mwisho yatie kidogo kidogo kwa siku kadhaa, usiyamwage yote kwa pamoja.

Kiberiti. Hapa pipa halina kosa, na kwa kweli ule mkaa wa ndani umekusaidia kuvuta sehemu ya harufu hiyo. Chanzo ni viwili. Viwanda vingi vya sukari nyeupe husafisha maji ya miwa kwa moshi wa salfa, na salfa hiyo hujificha kwenye molasi. Hamira nayo ikikosa lishe hutoa harufu ya yai viza. Dawa ya yote mawili ni shaba nyekundu, kwa sababu salfa huishika shaba na kubaki pale. Mtambo wako ni wa chuma cha pua mtupu, hauna cha kuikamatia. Nunua wavu wa shaba, ukunje, uusokomeze shingoni mwa mtambo pale mvuke unapopita, bila kuziba njia. Utatoka mweusi. Uoshe kwa ndimu, urudishe.

Halafu hiyo molasi ya mifugo. Hesabu yako ya mazao inakaa vizuri: lita 12 ni kama kilo 17, nusu yake ni sukari inayochachuka, kilo 8 na nusu. Kwa nadharia unapata lita 5 na nusu za alkoholi halisi, kwa kazi ya nyumbani labda 4 na kitu, na ukishakata kichwa na mkia, yaani kinachotoka mwanzo na mwisho wa kukeneka, unabaki na 3. Lita 5 za asilimia 60 ni hizo hizo 3. Kwa hiyo uchachushaji ulikwenda sawa. Lakini molasi ya ng'ombe mara nyingine huchanganywa na urea. Ng'ombe anaiweza, wewe huiwezi: urea ikikutana na alkoholi huzaa kabamati ya ethili, kemikali inayohusishwa na saratani. Soma karatasi ya kwenye dumu. Ikiwa imeandikwa urea, au haikuandikwa kitu kabisa, mchanganyiko ule wa kuokoa achana nao, mwaga yote, uanze na molasi ya chakula cha binadamu isiyotiwa salfa.

Mkupuo ujao usibadilishe pipa tu, badilisha na uchachushaji, kwa sababu pipa huongeza harufu ya mbao, haliwezi kuziba pengo la uchachushaji. Hamira ya mkate inafanya kazi, inamaliza sukari kwa siku tatu nne, inakupa ramu nyepesi. Jamaika, kwenye viwanda kama Hampden, mchachusho unaachwa siku nyingi kwenye mapipa ya mbao yaliyo wazi, na wanarudishia danda, yaani kile kioevu cheusi kichachu kinachobaki kwenye mtambo baada ya kukeneka. Ramu zao nzito kabisa hufika gramu 1,600 za esta kwa kila lita 100 za alkoholi halisi. Hizo kwa kawaida hazinywewi kama zilivyo, zinaungwa kwenye nyingine kama unavyotia karafuu kwenye pilau.

Na hapa niruhusu nitoke njiani kidogo. Katika uchachu mkali wa namna hiyo hamira ya kawaida huzidiwa, na inayostahimili ni jamaa ya Schizosaccharomyces pombe. Pombe, ndiyo, neno letu. Mjerumani Paul Lindner aliipata mwaka 1893 kwenye pombe ya mtama iliyotoka Afrika Mashariki, akaibatiza hivyo. Ni hamira hiyohiyo iliyompatia mwanasayansi Mwingereza Paul Nurse Tuzo ya Nobel mwaka 2001, maana hukua ikajikata katikati, na yeye aliitumia kuchunguza jinsi seli zinavyogawanyika. Bibi aliyepika ile pombe hakupata hata asante.

Wewe huhitaji shimo la danda la Jamaika. Weka akiba ya danda ya hiyo ramu nyeupe utakayokeneka, ipoe, itie kwenye mchachusho ujao ichukue kama moja ya tano ya ujazo wote, uache mchachusho ukae siku chache zaidi baada ya mapovu kuisha. Ukifika kukata mkia, usiwe mkali mno. Kichwa ni rahisi kukijua, kinanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha, kitoe bila huruma. Mkia unaanza na harufu ya boksi lililolowa. Kwa ramu ya kunywa nyeupe ukate hapo hapo, kwa ramu ya pipa bakiza mkia kidogo, kwa sababu zile asidi nzito ndizo pipa litakazozigeuza.

Kuna jambo watu wengi huniuliza, nalisema hapa moja kwa moja. Si kweli kwamba ukimwaga kichwa umeondoa yote ile methanoli, alkoholi yenye sumu. Methanoli huchemka kwa nyuzi 64.7 na ethanoli, alkoholi ya kunywa, kwa 78.4, lakini zikiwa pamoja kwenye maji hazitoki kwa foleni. Usalama wako ni kwamba molasi ina pektini, ile inayogandisha jamu ya matunda, kidogo sana, na pektini ndiyo mama wa methanoli, kwa hiyo ramu huwa nayo kiasi kidogo tangu mwanzo. Wale waliokufa na wengine kupofuka Kenya mwaka 2000, na tena Mei 2014, walikunywa pombe iliyotiwa methanoli ya viwandani, na hakuna kichwa cha kumwaga kinachoponya kitu hicho. Kinachomuua mkenekaji wa nyumbani mwenyewe zaidi ni moto: mvuke wa alkoholi ukikutana na jiko la gesi huwi na muda wa kukimbia. Tumia umeme, fungua dirisha, usiondoke hapo.

Wasomaji walio Tanzania na Kenya wasichukue jibu hili kama ruhusa. Kenya iliondoa marufuku ya chang'aa kwa sheria ya mwaka 2010, lakini bila leseni bado ni kosa, na Tanzania mtambo wa gongo nyumbani ni kesi. Mwenye hamu ya pipa anunue ramu nyeupe dukani yenye stempu ya kodi, aizeeshe mwenyewe. Kazi ya pipa ni ileile.

Na pipa lako, ndugu yangu, usilitupe. Sasa ndipo limeanza kufaa. Likiwa tupu usiliache likauke, litie maji ya moto mpaka juu, likae siku mbili, uone kama linavuja. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilijaza kipipa cha lita 3 kilichokuwa kimekaa juu ya kabati miezi kadhaa, mbao zimekauka zimeachana, nikaenda kulala nikijisifu. Asubuhi mke wangu aliniamsha kwa swali moja, kwa nini sebule inanuka kama baa. Lilikuwa limebaki tone la kuonja.

Likishashika maji, yamwage, jaza ramu mpya ya asilimia 60, andika tarehe kwa chaki ubavuni. Onja kila baada ya wiki mbili kwa kijiko kimoja. Mjazo wa pili labda utataka miezi minne mitano, wa tatu hata mwaka. Siku ulimi ukianza kukauka kidogo tu, itoe siku hiyohiyo, hata kama ilikuwa bado unasubiri rangi.