Kupanda Sanje (Udzungwa) mkiwa kikundi: jinsi ya kuipanga

Mkuu mleta mada, nimesoma mpango wenu. Mko wafanyakazi kumi na watano pamoja na watoto wachache na mama mmoja mtu mzima. Mnataka kutoka Dar alfajiri ya Jumamosi, mpande maporomoko ya Sanje ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, kisha mrudi usiku uleule. Mimi ni mzaliwa wa Kidatu, na ndugu na marafiki wakija kuitaka Udzungwa, kazi ya kuwapandisha huwa yangu. Nakuomba kwa dhati: laleni usiku mmoja Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi. Mengine yote yatajipanga kwa urahisi mkishakubali hilo.

Tazama mwenyewe. Kutoka Dar hadi Mang'ula ni zaidi ya kilomita 350: Chalinze, Morogoro, mji wa Mikumi, kisha unakata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara. Hata mkitoka saa kumi usiku, foleni ya malori na kusimama kwa chai vitawafikisha saa tano au saa sita mchana. Mzunguko wa Sanje wenyewe si mrefu kwa kilomita, ila ni mlima. Mtu mwenye miguu mizuri huhesabu kama saa nne, kundi lenye watoto ongezeni saa moja au mbili. Mkianza saa saba mtapanda na joto lote la bonde, mtafika juu mmechoka, na askari wa hifadhi atawaambia mteremke kabla hamjatulia, kwa sababu msituni giza huingia mapema kuliko barabarani. Nimewahi kukutana na kundi la namna hiyo likishuka. Walikuwa wametoka mbali, wametumia hela nyingi, na juu hawakukaa hata robo saa. Iliniuma, maana juu ndiko kwenyewe.

Wengi wanaofananisha Udzungwa na Mikumi hupanga vibaya. Mikumi unakaa garini, wanyama wanakupitia. Udzungwa haina barabara ndani. Hifadhi nzima, kama kilomita za mraba 1,990, inatembelewa kwa miguu. Kwa hiyo swali la kwanza la mpangaji liwe miguu ya watu wake, gari lifuate baadaye. Chagueni njia kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote. Kama huyo hawezi Sanje, ligaweni kundi tangu nyumbani, msisubiri kumgawa katikati ya mlima.

Kwa mama yenu na watoto wadogo ipo njia nzuri kabisa ya kwenda maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la yule mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuwa rais wa kwanza wa WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi. Inaanzia pale pale makao makuu ya hifadhi Mang'ula, ni fupi, na kuna kivuli muda wote. Mbega huonekana mara nyingi upande huo kuliko njia za mbali. Asijisikie kwamba ameachwa. Nimekaa pale na mama yangu mdogo asubuhi nzima, na alirudi na hadithi nyingi kuliko waliopanda.

Sasa Sanje. Maji yanaanguka kwa ngazi, jumla yake takriban mita 170. Ukiwa chini barabarani unaona mstari mweupe tu kwenye kijani. Njia inapanda ndani ya msitu mnene, mizizi imevuka njia, jiwe hapa, tope pale. Ukimya wake umejaa sauti: hondohondo wakipita juu ya miti utasikia mabawa kabla hujawaona. Huko ndiko anakoishi ng'olaga, nyani mwenye rangi ya majivu ambaye haishi porini popote duniani ila milima hii. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979. Watu wa Sanje walikuwa wakimwita jina lake siku zote. Yupo pia mbega mwekundu wa Iringa, naye ni wa milima hii na bonde lililo chini yake tu. Kwa hiyo mwambieni mwongoza wageni mapema kwamba mnataka kuwaona, atatembea polepole na atasimama mahali panapofaa. Kundi la watu kumi na watano wanaopiga kelele na kufungulia muziki kwenye simu halitaona mnyama hata mmoja. Mkiweza, jigaweni makundi mawili yaachane kama dakika ishirini.

Juu kuna mabwawa ya maji baridi, na kutoka hapo bonde lote la Kilombero liko miguuni pako, mashamba ya miwa yamenyooka hadi macho yanapoishia. Kaeni hapo. Kuleni hapo. Wanaotaka kuogelea waogelee pale tu mwongozaji anapoonyesha, kwa sababu mawe yana utelezi na maji yana nguvu yakiwa karibu na ukingo. Mvua ikinyesha milimani tokeni majini hata kama juu yenu kuna jua. Na pombe iacheni Mang'ula mpaka mtakaporudi. Sisemi hivi kama mlokole. Nasema kwa sababu ukingo wa maporomoko hauna uzio, na kumbeba mtu aliyevunjika mguu kwenye njia ile ni kazi ya nusu siku.

Kuhusu malipo na utaratibu: kiingilio na mwongozaji vinalipiwa makao makuu Mang'ula, na TANAPA, wenye hifadhi za taifa, hawapokei pesa taslimu. Mnalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo mnayopewa. Kila mtu mzima aje na kitambulisho cha NIDA, maana bei ya raia na ya mgeni ni mbingu na ardhi. Wapigieni simu kabla, muwape idadi na umri wa watoto. Jambo ambalo wageni hawalijui: ukitoka Mikumi unakipita kwanza kijiji cha Sanje, njia ya kupanda inapoanzia, ndipo unafika Mang'ula, kwa hiyo asubuhi ya kupanda mtarudi nyuma kama kilomita kumi. Mkifika Jumamosi jioni mkamaliza malipo, Jumapili saa moja mko njiani tayari. Hiyo peke yake ni sababu ya kulala.

Usafiri: kama hamtaki kukodi gari Dar, pandeni treni ya SGR hadi Morogoro, kisha kodini Koasta hapo. Basi za Ifakara kutoka stendi ya Msamvu, Morogoro, zinapita Mang'ula pia, lakini kwa kundi lenye watoto Koasta ni nafuu ya roho. Lami sasa imefika. Zamani kipande cha baada ya Kidatu kilikuwa adhabu. Treni ya TAZARA inapita Mang'ula, ila ratiba yake haimfai mtu wa wikendi.

Miezi: Juni hadi Oktoba. Machi hadi Mei msitu ni mzuri na maji ni mengi, lakini njia inateleza na watoto watateseka. Hata kiangazi bebeni koti jepesi la mvua, mlima huu unajinyeshea unapotaka.

Vaeni suruali ndefu na soksi, kwa ajili ya siafu, na raba zenye meno. Ndala hapana. Maji lita mbili kwa kila kichwa, ndizi, karanga, mayai ya kuchemsha, chapati. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, basi chukueni vyombo vyenye mifuniko na mshuke na kila ganda. Nyani wasipewe chochote, hata mtoto akilia. Nyani aliyezoea chapati huanza kuvamia jikoni za watu wa kijijini, na wanaoumia ni wao.

Chakula cha jioni agizeni kwa mama ntilie wa Mang'ula mnapofika, si mnapopata njaa. Wali wa mchele wa Kilombero na samaki kitoga mbichi wa mto, hakuna hoteli ya Dar itakayokupa hicho. Na nunueni kwa wenyeji kadiri mnavyoweza. Watu hawa walizuiwa kabisa kuokota kuni ndani ya hifadhi mwaka 2011, wakabaki kuutazama msitu waliokulia wakiwa nje ya mpaka. Mgeni akilala kwao na kula kwao, angalau msitu unawaletea kitu mezani.

Laleni kwenye chandarua. Bonde la Kilombero lina mbu, na malaria huku si hadithi.

Jumatatu kama ni kazini, mkishashuka Sanje saa saba ondokeni bila kuzungukazunguka, ili kipande cha barabara kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi mkipite kukiwa na mwanga. Jioni tembo na nyati huvuka pale, na dereva aliyechoka hawaoni. Mwambieni apunguze mwendo hata kama basi zinampita.

Tuambie mnakuja mwezi gani na watoto wana umri gani. Chini ya miaka saba nitakushauri wabaki na bibi yao Prince Bernhard.